Kuchora Sakitu na Theluji: Nyeupe Iweke Mwisho

Kila ikifika Juni, vijana ninaowafundisha kuchora hapa Mbeya huniletea picha za asubuhi ya baridi, na kosa huwa lile lile. Wamemimina nyeupe turubai nzima, kisha wananiuliza kwa nini picha imekuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Mwongozo huu ni wao kwanza, halafu ni wa yeyote anayetamani kuchora baridi.

Huku kwetu theluji ya kuanguka hatuna. Tunayo sakitu. Vitabu vingine huiita jalidi, na mitaani wengi tunasema tu barafu imepiga. Hulala juu ya majani ya nyanda za juu za Kitulo, Makete na Uporoto kati ya Juni na Agosti, nayo inatosha kabisa kujifunzia. Caspar David Friedrich, Mjerumani aliyechora picha maarufu ya Bahari ya Barafu mwaka 1823 hadi 1824, hakuwahi kufika karibu na Ncha ya Kaskazini. Alichofanya ni kwenda kwenye mto Elbe, pale Dresden alikoishi, katika kipindi cha baridi cha 1820 hadi 1821, akachora vipande vya barafu vilivyokuwa vikibanana mtoni. Baadaye, ndani ya chumba chake cha kazi, akavikuza vikawa mlima wa mabamba makali unaoisaga meli. Kipande cha barafu ya mtoni kilimpa bahari nzima. Jani moja lenye sakitu litakupa mengi.

Vifaa ni vya kawaida: rangi za akriliki (nyeupe ya titani, bluu ya altramarini, siena iliyochomwa ambayo ni kahawia yenye wekundu, oka ya njano na nyekundu kidogo), brashi bapa moja, brashi nyembamba moja, na brashi moja kuukuu ambayo nywele zimeshachanuka. Usiitupe hiyo ya tatu. Ukikosa turubai ya dukani, wamba kitambaa cha marekani kwenye fremu ya mbao na ukipake mara mbili rangi nyeupe ya maji ya ukutani.

Hatua ya 1: Fika kabla ya jua, na uende bondeni

Sakitu hutokea usiku usio na mawingu wala upepo. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutulia mabondeni. Ndiyo maana unaweza kusimama mgongoni mwa kilima ukaona majani makavu, wakati bonde lililo chini yako limetanda weupe. Jioni tazama anga. Zikionekana nyota nyingi na upepo umetulia, tega saa ya kukuamsha.

Asubuhi moja nilifika kwenye shamba la viazi upande wa Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, saa kumi na moja na nusu. Mama mwenye shamba alikuwa ameshafika, amejifunga khanga mbili juu ya sweta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unachora nini kwenye shamba lililoungua?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilikuwa nimefuata uzuri, na yeye alikuwa amekuja kuhesabu hasara. Hata hivyo hakunifukuza. Aliinama, akainua jani moja kwa ncha ya kidole, akasema, "Litazame sasa, na usiondoke mpaka jua lipande."

Nilitii. Jani la kiazi alfajiri ile lilikuwa la kijani kilichofifia. Weupe haukuwa umelifunika lote: ulikuwa umesimama pembeni, kwenye ukingo na juu ya mishipa, vijisindano vidogo kama chumvi iliyoganda. Jua lilipoligusa, vile vijisindano viliyeyuka kwa dakika chache, na jani likawa la kijani kizito chenye maji, mfano wa mboga iliyotoka kuchemshwa. Kufika saa sita mchana lilikuwa limelegea na kuwa jeusi. Tangu siku hiyo kila ninapochora sakitu naanza na weusi ule.

Jambo moja la kukuokolea kazi: usichore kwa akriliki huko shambani alfajiri. Rangi hii inahitaji joto la nyuzi 10 hivi au zaidi ili ishikamane vizuri inapokauka. Picha yangu ya kwanza ya Kitulo niliipaka kwenye baridi kali, na wiki mbili baadaye ikaanza kupasuka na kubanduka. Shambani nenda na penseli, karatasi na maandishi mafupi: "kivuli cha mti, bluu", "nyasi, manjano ya maharage makavu", "anga chini, waridi". Ufundi wa rangi uufanye nyumbani.

Hatua ya 2: Ua weupe wa turubai

Changanya siena iliyochomwa na altramarini kidogo na maji mengi, upate kahawia yenye ujivu. Paka turubai nzima, acha ikauke. Sasa kila tone la nyeupe utakaloweka litaonekana, kwa sababu lina kitu cheusi kuliko lenyewe cha kuegemea.

Utaniuliza, mbona Wajapani waliacha karatasi wazi? Ni kweli. Hiroshige, mmoja wao, kwenye picha yake ya kuchapwa ya theluji ya usiku huko Kambara, iliyotoka miaka ya 1833 na 1834, aliacha karatasi yenyewe iwe theluji. Lakini itazame tena: anga ni la kijivu linaloelekea weusi, nyumba na miti zina vivuli vya kijivu, na watu watatu wameinama na mizigo yao. Karatasi ile inang'aa kwa sababu ya giza hilo. Kanuni ni ile ile, yeye ameifuata kwa upande wa pili. Na jambo linalonigusa zaidi, Kambara iko kwenye pwani yenye hali ya hewa ya wastani, ambako theluji nzito ni nadra. Aliichora hata hivyo.

Hatua ya 3: Anza na vitu vyeusi

Hapa ndipo pa kukaa sana. Mwalimu wangu mkubwa wa hatua hii ni Pieter Bruegel, aliyechora Wawindaji katika Theluji mwaka 1565, baada ya majira ya baridi ya 1564 hadi 1565 yaliyokuwa makali kupindukia Ulaya. Picha iko Vienna, imechorwa kwenye mbao zenye upana wa sentimita 162 na kimo cha sentimita 117. Watafute kwenye simu yako, ukuze picha, kisha ufumbe macho nusu. Kinachobaki ni nini? Mashina meusi ya miti yanayoteremka kwa mshazari, wawindaji watatu waliotupa mgongo, mbwa wenye vichwa chini, ndege. Wamerudi na mbweha mmoja tu, na uchovu wao unausoma kwenye migongo. Theluji yenyewe imetulia katikati ya maumbo hayo meusi, na ni hayo yanayokuambia kwamba ni nyeupe na kwamba inauma.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa nyeupe, weka vitu vyako vyeusi: nguzo za uzio, mashina ya misindano, ng'ombe wa Kitulo waliosimama, matuta ya viazi, mama aliyejifunga khanga. Kwa rangi nyeusi changanya altramarini na siena sawa kwa sawa. Usitumie nyeusi ya kopo, ni nzito na haina uhai. Vipange vishuke kutoka kona moja kwenda nyingine ili jicho liteleze bondeni. Hakikisha vina ukubwa tofauti, cha karibu kikubwa na cha mbali kidogo kabisa, maana umbali kwenye picha ya baridi hupatikana kwa njia hiyo zaidi kuliko kwa rangi.

Bruegel ana la pili la kutufundisha. Anga lake na mabwawa yaliyoganda ni rangi moja, kijivu chenye ukijani. Nitalirudia kwenye barafu.

Hatua ya 4: Kivuli ni bluu, na si kwa mapambo

Nyasi za Kitulo wakati wa kiangazi ni za manjano. Jua linapochomoza liko chini, mwanga wake ni wa joto, unaelekea rangi ya chungwa. Mahali lisipofika panaangazwa na anga peke yake, na anga ni la bluu. Theluji mpya hurudisha takriban asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoipiga, kwa hiyo hubeba rangi yoyote inayoiangukia. Ndivyo ilivyo pia kwa sakitu iliyo kivulini, ambako hukaa muda mrefu zaidi: inaichukua bluu ya anga na kuirudisha machoni pako.

Mfaransa Claude Monet alilisema hili kwa brashi kwenye picha yake La Pie, aliyoichora karibu na Étretat, Ufaransa, kati ya 1868 na 1869. Kuna uzio wa fito, geti, na ndege mmoja mweusi na mweupe wa jamii ya kunguru, ambaye ndiye aliyeipa picha jina, na kivuli cha uzio kimelala juu ya theluji kwa bluu yenye uzambarau. Wakubwa wa maonyesho rasmi ya Paris waliikataa mwaka 1869. Leo iko kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, huko huko Paris.

Changanya hivi: nyeupe sehemu kumi, altramarini sehemu moja, na chembe ya nyekundu. Ikikuogopesha kwa ubluu wake, ongeza siena kidogo sana. Kwa sehemu yenye jua, nyeupe na oka ya njano kidogo mno, kiasi cha kuondoa ubaridi tu. Weka hizo mbili jirani bila kuzichanganya kwenye turubai. Sogea nyuma hatua nne. Ukiona ardhi imepata mwanga, umefanikiwa.

Hatua ya 5: Barafu yenyewe

Acha karai la maji nje usiku, mahali penye baridi kali. Asubuhi utaona barafu nyembamba ambayo haina rangi yake: juu inaonyesha anga, chini inaonyesha karai. Kwa hiyo ipake rangi ya anga lako, iliyofifia kidogo, kisha kwa brashi nyembamba chora ufa mmoja au miwili. Ufa uwe mkali upande mmoja na upotee upande wa pili.

Hatua ya 6: Chembe

Sasa ile brashi kuukuu. Chovya ncha kwenye rangi ya kivuli iliyoongezewa nyeupe, ifute kwenye kitambaa mpaka iwe karibu kukauka, kisha ipitishe kwa wepesi juu ya nyasi, kutoka chini kwenda juu. Nywele zilizochanuka zitaacha vijistari vilivyotawanyika. Pitisha kwenye kingo tu, kama ulivyoiona kwenye jani.

Hatua ya 7: Nyeupe tupu

Mpaka hapa hujaitumia nyeupe peke yake hata mara moja. Chukua punje mbili, tatu, kwa ncha ya brashi nyembamba. Moja iende pale jua lilipogusa ukingo wa tuta. Nyingine kwenye nguzo ya uzio, upande wa mashariki. Ya tatu mimi huiweka kwenye jani la kiazi lililo karibu kabisa, pembeni, pale weusi unapoanza.