Tairi la nyuma na sproketi: namna ya kujua ni kipi hakijakaa sawa

Dereva akija analalamika cheni imekwisha mapema, wengi tunakimbilia kufunga mpya. Baada ya muda anarudi na lalamiko lile lile. Kwa boda za cc 125 na 150 zinazopiga njia ya Mvumi au Bahi, huku Dodoma, na magunia nyuma, vumbi linakula cheni, sikatai. Ila vumbi halichagui upande. Ukikuta meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) yamelika ubavu mmoja tu, shida iko kwenye ukaaji wa tairi au sproketi yenyewe, na cheni mpya utaitupa kama ile ya kwanza.

Andaa spana za ekseli (fimbo ya chuma inayopita katikati ya tairi), rula ndefu ya chuma, chaki na tochi ya simu. Vernia (kipimo cha unene na vipenyo) ukiwa nayo, vizuri zaidi.

Hatua ya 1: angalia kabla hujafungua. Weka stendi kubwa, futa vumbi kwenye cheni, kisha chuchumaa nyuma ya tairi umulike kuelekea mbele. Cheni inatakiwa kwenda moja kwa moja. Ikiwa inapinda inapoingia kwenye sproketi, au vibamba vyake vya ndani vinang'aa upande mmoja, umeshapata dalili.

Hatua ya 2: chaki. Hii mafundi wengi wanairuka, na ndiyo inayookoa hela ya mteja. Zima injini, weka gia huru, zungusha tairi kwa mkono taratibu huku ukipima ulegevu wa cheni kwa chini, katikati. Inapokaza, simama. Piga chaki kwenye jino la sproketi ya nyuma lililo nyuma kabisa, na kwenye kiungo cha cheni kilicholikalia jino hilo. Endelea kuzungusha. Cheni ina viungo vingi kuliko meno ya sproketi, kwa hiyo alama mbili zitaachana. Kama inakaza kila jino lenye chaki linaporudi nyuma, sproketi haiko katikati. Kama mkazo unahama na kiungo cha cheni, cheni ndiyo imevutika vibaya. Ikikaza mara kadhaa ndani ya mzunguko mmoja wa tairi, kagua sproketi ya mbele.

Sproketi kutokaa katikati chanzo chake mara nyingi ni spea ya pikipiki nyingine iliyolazimishwa. Utakuta matundu ya bolti yamepanuliwa kwa tupa mpaka yamekuwa kama yai. Kwa pikipiki nyingi, bolti kazi yake ni kubana. Kinachoiweka sproketi katikati ni lile tundu kubwa linaloikalia habu (kitovu cha tairi). Tundu hilo likipwaya, hakuna ufundi wa kukaza bolti utakaosaidia. Ukienda dukani beba sproketi ya zamani, ilaze juu ya mpya: tundu la katikati, bolti, na unene wa meno vyote vilingane. Cheni ya 428 na ya 420 zina hatua sawa ya milimita 12.7 kati ya pini na pini, ila upana wa ndani ni tofauti, na hapo ndipo watu hudanganyika kwa macho.

Hatua ya 3: jaribio la nati. Toa cheni, legeza breki kabisa, zungusha tairi. Legeza nati ya ekseli, zungusha tena, kisha ikaze. Tairi jepesi nati ikiwa imelegea na zito ikikazwa maana yake beringi zinabanwa. Fungua habu utafute ile bushi ndefu (kipande cha bomba la chuma) inayokaa kati ya beringi mbili. Ama haipo, ama imekatwa ikawa fupi. Bila hiyo, kila unavyokaza nati unasukuma vikombe vya ndani vya beringi vikutane.

Hapo hapo soma namba ya beringi. 6202 na 6302 zote zina tundu la milimita 15, lakini ya kwanza kipenyo chake cha nje ni 35 na unene 11, ya pili 42 na 13. Na ukikuta bati la kopo la soda limezungushiwa beringi, usilirudishe. Habu imeshalika; ibadilishe, au ipeleke kwa wanaokereza vyuma waivishe bushi.

Hatua ya 4: bushi za nje na raba. Zitoe na uzipange chini kwa mpangilio ule ule. Bushi ya upande wa sproketi ikihamia upande wa breki, tairi zima linasogea. Raba za habu zilizokufa zinaiacha sproketi icheze. Mpya zilizo nene kupita kiasi zinaisukuma nje. Angalia pia kama sproketi haikufungwa kinyume, maana nyingine zina uso mmoja wenye kina.

Hatua ya 5: kunyoosha. Alama za kwenye swingamu (mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma) siziamini sana. Pima kutoka katikati ya bolti ya swingamu hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana na bado rula iliyolazwa ubavuni mwa sproketi ya nyuma haielekei ya mbele, acha kuchezea vikaza cheni. Rudi hatua ya 4.

Mwisho acha ulegevu wa milimita 20 hadi 30 pale cheni inapokaza zaidi, isipokuwa kitabu cha pikipiki kinasema vingine. Iendeshe kidogo kwenye lami, kisha gusa habu kwa tahadhari pande zote mbili. Joto upande wa sproketi, beringi bado inabanwa. Joto upande wa breki, legeza breki kwanza ndipo ujaribu tena.