Kuendesha Pikapu kwenye Barabara za Tope Msimu wa Mvua, Lindi na Mtwara

Mikoa ya Lindi na Mtwara ina msimu mmoja mrefu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mvua za kwanza hunyesha wakati korosho bado zinasombwa kutoka vijijini kwenda maghalani, kwa hiyo pikapu nyingi huingia kwenye tope zikiwa na mzigo, zikiwa na haraka, na mara nyingi zikiwa na watu waliokaa juu ya mzigo huo. Mwongozo huu ni kwa dereva anayeiacha lami pale Nangurukuru, Mtama au Masasi na kuingia kwenye barabara za udongo zinazokwenda Liwale, Rondo au vijiji vya bonde la Ruvuma. Jambo la kwanza analopaswa kulishika ni kwamba magurudumu manne yanayovuta humsaidia kuondoka, lakini hayamsaidii kusimama. Dereva aliyepanda mlima wenye utelezi bila taabu huamini kwamba gari lake limeishika barabara, kumbe alichokuwa nacho ni nguvu ya kuvuta tu. Akikanyaga breki kwenye mteremko wa upande wa pili, magurudumu hayo manne yatateleza kama ya gari jingine lolote.

Hesabu yake haina ugumu. Pikapu inayokwenda kilomita 60 kwa saa kwenye lami kavu huhitaji takriban mita 20 ili isimame tangu breki zilipoanza kushika. Kwenye udongo uliolowa, ambako mshiko unaweza kupungua hadi chini ya nusu, umbali huo hufika karibu mita 50, na hapo bado hujahesabu mita 17 hivi ambazo gari huzipita katika sekunde moja ya dereva kuona na kuinua mguu. Ukishuka hadi kilomita 30 kwa saa, umbali wa kusimama kwenye udongo huohuo hupungua hadi mita 12 hivi, yaani robo, kwa sababu ukipunguza mwendo kwa nusu, umbali wa breki hupungua mara nne. Hakuna kifaa cha kununua dukani kitakachokupa faida kubwa kama hiyo.

Kabla ya kuwasha gari, ijue barabara unayoiendea. Udongo wa kichanga wa uwanda wa juu wa Wamakonde, kuanzia Tandahimba hadi Newala, hupitisha maji upesi, na jua likitoka baada ya mvua, saa chache tu zinaweza kutosha kuufanya upitike. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulioko mabondeni ni kinyume chake: huyashika maji, huvimba, hujaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa kama limepakwa sabuni, na huweza kuhitaji siku kadhaa ili ukauke. Kwa hiyo kusubiri si uvivu wala woga, bali ni sehemu ya udereva. Ukiwauliza wenyeji wa kijiji cha mwisho kabla ya bonde kama kuna gari lililopita asubuhi, na kama lilirudi, utapata habari ambazo ramani ya simu haiwezi kukupa. Ujihadhari hasa na mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu, kwani hulowesha ngozi ya juu tu ya barabara ngumu na kuacha utando wa tope jembamba juu ya udongo uliokauka, na utando huo huteleza kuliko tope la kina.

Pikapu isiyo na mzigo ina udhaifu wake wa kuzaliwa. Injini iko mbele, bodi la nyuma ni jepesi, na magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma gari likiwa kwenye H2 (magurudumu mawili tu yakivuta), hayana uzito wa kuyakandamiza ardhini. Ndiyo sababu mkia huwa mwepesi wa kuserereka. Madereva wa pikapu wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani, ambao barabara zao huganda barafu wakati wa baridi, huweka mifuko ya mchanga nyuma kwa sababu hiyohiyo, na njia hiyo inafaa kwetu pia. Mifuko minne au mitano inatosha, mradi ilazwe juu ya ekseli ya nyuma, si kwenye mlango wa nyuma, maana uzito uliorundikwa mwishoni kabisa huinua pua ya gari na kuyanyima magurudumu ya mbele mshiko wa kukata kona. Ifunge kwa kamba imara. Mchanga huohuo utakufaa pia utakapokwama, kwa kuumwaga chini ya tairi. Tatizo la pikapu iliyozidishiwa magunia ni jingine: haisimami, na kitovu cha uzito wake kiko juu mno, kwa hiyo gurudumu moja likiingia mtaroni inalala. Kuhusu abiria nitasema waziwazi kwamba hakuna namna salama ya kumbeba mtu juu ya magunia katika barabara ya utelezi. Gari likiyumba kidogo tu, dereva aliyefunga mkanda atatikisika, lakini aliyekaa juu atarushwa.

Tairi kipara lisiingie kwenye tope hata kwa safari fupi. Upepo uwe kama ulivyoandikwa kwenye kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukikuta mchanga laini, kama wa njia za pwani ya Msimbati, unaweza kuushusha hadi PSI 20 hivi ikiwa gari halina mzigo mzito, ili tairi litanuke na kuelea. Lakini ujaze tena kabla ya kukimbia kwenye lami, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hupata joto kali na kupasuka.

Fowili, yaani mfumo wa magurudumu yote manne kuvuta, iingizwe mapema, kabla ya tope, wala usisubiri mpaka gari limeshazama. Kwenye pikapu za zamani, shuka kwanza uzungushe vile visahani vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele kutoka FREE hadi LOCK; bila hivyo, kusogeza kijiti cha ndani hakutafanya magurudumu ya mbele yavute. H4, yaani magurudumu manne kwa gia za kawaida, ni ya mwendo wa kawaida kwenye utelezi. L4, yaani magurudumu manne kwa gia nzito za mwendo wa polepole, ni ya kupanda, kushuka na kujinasua, na huingizwa gari likiwa limesimama na gia kuu ikiwa huru. Ukirudi kwenye lami kavu, toa fowili, kwa kuwa pikapu nyingi hazina kifaa cha kuruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona, na mitambo yake hubanana hadi kuvunjika.

Ukiwa barabarani, fanya kila jambo polepole na moja moja: funga breki wakati usukani umenyooka, kata kona baada ya kuacha breki, na ongeza mafuta baada ya kumaliza kona. Shika mgongo wa barabara palipo na nafasi na unapoona mbali, kwa sababu barabara za udongo huinuliwa katikati ili maji yaende kando, na mwinamo huohuo huvuta gari kuelekea mtaroni. Mkia ukianza kuserereka, ondoa mguu kwenye mafuta, usiguse breki, na elekeza usukani kule unakotaka gari liende, kisha unyooshe mara mkia unaporudi; wengi huokoa mserereko wa kwanza na kuangushwa na wa pili kwa kuchelewa kunyoosha. Ikiwa pua ndiyo inayokataa kukata kona, usizidishe kukunja. Punguza mafuta na rudisha usukani kidogo mpaka tairi zishike tena.

Miteremko inahitaji uangalifu wa pekee, na kingo za uwanda wa Makonde pamoja na mlima wa Rondo hazimsamehe dereva aliyechelewa kuamua. Simama juu, kabla ya mteremko, uutazame hadi chini. Kama kuna lori lililokwama katikati, subiri juu hukohuko. Ingiza L4 na gia namba moja au mbili, kisha iache injini ilishikilie gari, mguu wako ukiwa mbali na klachi, kwani kukanyaga klachi ni kuikata injini na kuliacha gari lijishukie lenyewe. Magurudumu yakianza kuteleza yakiwa yamekabwa na injini, ongeza mafuta kidogo sana ili mzunguko wake ulingane na mwendo wa gari, ingawa mguu utatamani kufanya kinyume. Unapopanda na gari likashindwa, usijaribu kugeuza mlimani, kwa maana pikapu iliyokaa ubavu kwenye mteremko wa utelezi hupinduka. Ishikilie kwa breki, ingiza gia ya nyuma, na shuka kinyumenyume ukiwa umenyooka, injini ikiwa ndiyo breki yako.

Kuhusu maji yanayokimbia juu ya drifti (sakafu ya zege ambayo maji hupita juu yake) au kalavati, ushauri wangu ni kutovuka. Maji yenye kina cha sentimita 30 yanayokwenda kwa kasi yanaweza kuliinua gari dogo likaelea, na ya sentimita 60 huzoa magari mengi, pikapu zikiwemo. Vipimo vya kina vinavyotangazwa na watengenezaji huhusu maji yaliyotulia yenye sakafu ngumu. Hatari nyingine ni kwamba huoni kilichobebwa chini. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na hiyo ni barabara ya lami iliyojengwa kwa viwango; kalavati la kijijini litahimili zaidi? La hasha, litahimili kidogo mno. Usiingie kwa miguu kupima kina cha mto uliojaa, na karibu na Ruvuma au Rufiji kuna mamba. Ukivuka maji yaliyotulia na mafupi, baadaye gusa breki mara kadhaa polepole mpaka zikauke na kushika.

Ukikwama, acha mafuta mara tu gari lisiposonga, kwa kuwa kila mzunguko wa tairi huchimba shimo. Chimbua tope lililoko mbele ya matairi na chini ya ekseli, tandika matawi au mwaga mchanga, kisha jaribu kwa gia namba mbili na mafuta kidogo. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano iliyoungwa kwenye chasisi, kamwe si kwenye mpira wa trela (ile tufe ya chuma ya kufungia trela), na watu wote wakae mbali kuliko urefu wa kamba, maana mpira huo ukikatika huruka na kuua.

Ukifika nyumbani, osha tope lililoganda ndani ya rimu, kwa sababu hulifanya gurudumu litetemeke, na kwenye diski za breki, ambazo hulika haraka. Kama uliingia kwenye maji yaliyofika usawa wa ekseli, mwambie fundi afungue nati ya kujazia ya difu (sanduku la gia lililo kwenye ekseli) ya nyuma na ya mbele achungulie oili: ikiwa imegeuka kuwa nyeupe na yenye povu, maji yameingia, na ibadilishwe kabla ya safari nyingine.