Namna ya Kufundisha Kiini cha Atomi kwa Gololi na Jiwe

Mwalimu anayeanza somo la atomi kwa kuchora kiini na elektroni ubaoni huwa amewapa wanafunzi jibu kabla hawajalijua swali. Kiini hakikugunduliwa kwa kuonekana, bali kwa kuchunguza jinsi chembe zilizorushwa zilivyobadili mwelekeo, na kazi ya namna hiyo inaweza kufanywa katika darasa lolote la Mwanza lenye sakafu ya saruji iliyo laini.

Tafuta kipande cha plaiwudi, matofali mawili ya kukiegemeza, gololi zinazolingana, na jiwe la mviringo lenye kimo kuliko gololi. Mawe katika mji huu hayahitaji kutafutwa mbali. Kabla wanafunzi hawajaingia, acha nafasi ya sentimeta 60 kati ya matofali, weka jiwe humo, funika kwa plaiwudi, kisha bandika karatasi ya manila juu yake. Kuchungulia kupigwe marufuku kabisa.

Wanafunzi waviringishe gololi kutoka upande mmoja, wakihamahama ili kila sehemu ya ule upana ipate mgawo sawa, huku mwenzao akichora kwenye manila ilikoingilia na ilikotokea. Tuseme kati ya gololi 100, gololi 20 zimepotoka au kurudi. Sehemu hiyo ya upana wa sentimeta 60 ni sentimeta 12. Toa kipenyo cha gololi, yaani sentimeta 1.5, kwa kuwa gololi hupotoka hata ubavu wake ukigusa jiwe kidogo tu. Jiwe, basi, lina upana wa takribani sentimeta 10.5. Plaiwudi isifunuliwe mpaka kila kundi liwe limeandika kadirio lake.

Hapo ndipo historia inapoeleweka. J. J. Thomson, aliyegundua elektroni mwaka 1897, alidhani chaji chanya imetapakaa katika atomi nzima. Ingekuwa hivyo, chembe za alfa (chembe zenye chaji chanya zinazotoka katika elementi nururifu), ambazo kila moja ina tungamo zaidi ya mara 7,000 ya elektroni, zingepenya utando mwembamba wa metali zikipotoka kidogo tu. Mwaka 1909, jijini Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, ambaye bado alikuwa mwanafunzi wa chuo, walikaa gizani wakihesabu kwa hadubini vimulimuli vidogo kwenye kioo cha zinki salfaidi, wakakuta kwamba chembe chache mno, takribani 1 kati ya 8,000 kwa platinamu, zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Ernest Rutherford alieleza sababu: chaji ya atomi pamoja na karibu tungamo lake lote vimekusanyika mahali padogo sana katikati.

Udogo huo wapelekeni wanafunzi wakaupime nje. Kama gololi ingekuwa kiini cha dhahabu, atomi yake ingekuwa na kipenyo cha mita 300 hivi, yaani viwanja vitatu vya mpira kama cha Kirumba vikiunganishwa kwa urefu.

Wasisitizie jambo moja: gololi hugonga jiwe, lakini chembe ya alfa husukumwa na chaji ya kiini bila kukigusa. Mpangilio wa elektroni aliouweka Niels Bohr mwaka 1913, na nyutroni aliyoigundua James Chadwick mwaka 1932, viwekewe vipindi vyake, kwa kuwa gololi haziwezi kuvionyesha.