Kwenda kutazama michoro ya Kolo siku ya mvua: ratiba, korongo na chakula

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na watu wengi wa mjini huahirisha matembezi yote mpaka zikatike. Kwa safari ya Kolo hakuna sababu ya kusubiri. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo ya Kolo ni sehemu yake, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko chini ya miamba iliyojitokeza kama baraza, kwa hiyo mvua ya kawaida haikufikii ukiwa unatazama. Tena mwanga wa mawingu huitoa rangi nyekundu vizuri kuliko jua la saa sita. Kinachoharibu siku ni korongo linalokatiza njia ya kwenda mlimani, na ratiba yote ipangwe kwa kulifuata hilo.

Kolo iko kama kilomita 180 kaskazini mwa jiji, kwenye barabara kuu ya Babati, takribani kilomita 25 mbele ya Kondoa mjini. Lami ni mwanzo mwisho. Mvua kubwa za huku mara nyingi hushuka alasiri, ardhi ikishapata joto, kwa hiyo ondoka saa 12 asubuhi, uwe Kolo saa 3 au saa 3 na nusu, na uwe umeshashuka mlimani kabla ya saa 7. Anayeondoka saa 3 kwa sababu alisubiri manyunyu yakatike ndiye anayekwama jioni.

Jioni ya kuamkia safari hakikisha waipa zinafuta bila kuacha mistari na tairi si kipara, ile ya spea ikiwemo. Jaza mafuta mjini. Vioo vikifanya ukungu ndani, washa AC uielekeze kwenye kioo cha mbele. Kama gari halina, teremsha vioo vya pande zote mbili upana wa kidole. Mvua ya kwanza baada ya siku nyingi za jua ndiyo yenye utelezi mbaya, maana vumbi na mafuta ya barabarani hugeuka tope jembamba juu ya lami. Vijijini mwendo ni 50, na mvua haiwaondoi askari wa tochi.

Kifungua kinywa kiwe supu na chapati mjini kabla ya kutoka. Halafu, ukifika Kondoa asubuhi, simama dakika tano kwa mama ntilie uagize chakula cha mchana na umwachie namba ya simu. Kuku wa kienyeji aliyekomaa anahitaji saa moja na nusu jikoni, na zaidi kama kuni zimelowa. Ukimwagiza saa 8 ukiwa na njaa, utaletewa nyama ya kuvutana nayo.

Kolo, anzia ofisi ya michoro iliyopo kijijini: unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji, na bila yeye hupandi. Muulize hali ya korongo kwanza, hali ya hewa baadaye. Kutoka hapo hadi chini ya mlima wa Mungomi wa Kolo ni kama kilomita 9 za njia ya vumbi, ambayo siku hiyo ni tope, na inakatiza korongo la mchanga. Gari liwe la juu, lenye kuvuta magurudumu yote manne.

Vilima hivi vya Irangi vilimomonyoka sana, kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973 na kuondoa mifugo eneo lililoharibika zaidi mwaka 1979. Mahali kama hapa maji hayanywei, yanakimbia. Korongo linaweza kushuka likiwa limejaa huku kichwani kwako hakuna tone, kwa sababu imenyesha kilimani. Ukilikuta na maji, zima gari nje kabisa ya kingo. Chomeka kijiti pale maji yanapoishia na ukae robo saa. Kijiti kikimezwa, maji yanapanda: usivuke. Maji yenye povu, vijiti na majani makavu ni mkondo unaofika sasa hivi. Yakishuka, mwongozaji aonyeshe mahali watu wanapovukia. Maji yanayokwenda kasi, hata sentimita 30 tu, yanaweza kusukuma gari dogo, na kina cha magoti kwa mtu mzima si cha kujaribu kwa gari lolote. Pita kwa gia ndogo bila kubadilisha. Gari likizima ndani, usipige starta, maana maji yakiwa yameingia kwenye silinda hupindisha konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na injini. Ukishavuka, kanyaga breki kidogo kidogo zikauke.

Korongo likigoma, geuza mapema. Mjini Dodoma kuna Makumbusho ya Jiolojia yenye mawe na madini, mahali penye paa na pakavu, ila ni ofisi ya serikali, usiitegemee Jumapili.

Kupanda kwenyewe ni kifupi lakini kikali. Vaa viatu vyenye meno, acha mwavuli, chukua koti la mvua. Mikono itahitajika kwenye mawe. Mwamba wenye ukungu wa kijani usiukanyage. Radi ikianza kupiga karibu, shuka. Juu utaona twiga, tembo na watu warefu wembamba waliochorwa kwa mistari myekundu, na juu yake michoro minene myeupe ya baadaye. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alinakili mingi mwaka 1951. Usiguse, usipige picha kwa mwanga wa flashi, na usiimwagie maji ili ing'ae: maji huvuta chumvi za mwamba na kuacha utando mweupe. Mungomi bado ni mahali pa matambiko, ya kuomba mvua yakiwemo. Ukiwakuta wazee, subiri mbali (na usiwalalamikie hali ya hewa).

Mchana Kondoa, pamoja na kuku, omba ugali wa uwele na mlenda wenye karanga. Mlenda mzuri huvutika kidogo ukiinua tonge na kukatika; ukining'inia hadi sahani, magadi yamezidi. Machi utapata pia mahindi mabichi ya kuchoma njiani.

Zabibu za Makutupora, kilomita ishirini na kitu kabla ya mjini, zinunue wakati wa kurudi. Mavuno ya Februari na Machi hukutana na mvua, na punje zikinywa maji mengi hupasuka na kuota ukungu. Geuza kichane uangalie katikati, siyo juu tu. Zisafiri kwenye boksi lenye matundu, na zioshwe pale tu unapotaka kula.