Mwalimu wa Kisumu Anapojiandaa Kwenda Kufundisha Ng'ambo

Mwalimu aliyeajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu nchini Kenya, asikate tiketi kabla ya kupata ruhusa ya maandishi, kwa kuwa kuacha kituo cha kazi bila idhini ni utoro unaoweza kumfutisha kazi, hata kama amekwenda kuhudumu katika shule ya misheni. Barua ya mchungaji humtambulisha vyema kwa ushirika wa ugenini, lakini haichukui nafasi ya ruhusa hiyo.

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha mwombaji hufika mwenyewe katika ofisi ya uhamiaji mjini Kisumu. Cheti cha tabia njema huhitaji alama za vidole. Mikono iliyokaushwa na chaki ni vyema ipakwe mafuta siku chache kabla, kisha ioshwe vizuri asubuhi ya kwenda.

Mkataba ndio wa kusomwa polepole kuliko vyote: mshahara unalipwa kwa sarafu gani, nani analipia nyumba na nauli ya kurudi, na siku za mapumziko ni zipi. Anayekwenda Qatar, kwa mfano, atakuta wiki ya kazi ikianza Jumapili, na Wakristo wengi wakikusanyika kuabudu Ijumaa.