Namna ya kumuuguza nyumbani mgonjwa asiyetarajiwa kupona

Daktari anapoiambia familia kwamba upasuaji na mionzi havitasaidia tena, na kwamba ni vyema mgonjwa arudi nyumbani, wengi huelewa kuwa hospitali imenawa mikono. Maelezo haya ni kwa ajili ya wiki au miezi inayofuata baada ya hapo. Kumuuguza mtu hadi mwisho wake ni kazi yenye ufundi, na sehemu kubwa ya ufundi huo inaweza kufanywa na ndugu ambao hawajasomea uuguzi, mradi wawe wameelekezwa na wana mtu wa kumuuliza.

Mtu huyo wa kuuliza atafutwe kabla mgonjwa hajatoka wodini. Ulizeni kama hospitali ina kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma inayoshughulikia maumivu na mahangaiko ya mgonjwa na familia yake hata pale ugonjwa wenyewe hauponi. Kwa Tanzania huduma hiyo inapatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na katika hospitali kadhaa za mikoani, zikiwemo za Kanisa la Kilutheri kama Selian ya Arusha. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na nchini Uganda daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ambayo tangu mwanzo ilitegemea mofini ya maji, yaani dawa kali ya kutuliza maumivu, iliyo ya bei nafuu na wauguzi wanaowafuata wagonjwa majumbani. Msiondoke bila barua inayoeleza ugonjwa na dawa anazotumia, pamoja na namba ya simu ya muuguzi atakayepokea. Jioni hiyohiyo familia ikae na kukubaliana ni nani mmoja atakayezungumza na wahudumu, kwa sababu pale ambapo kaka mkubwa yuko Mwanza, dada yuko Muscat, na kila mmoja anatoa amri kwa simu, anayeumia ni aliye kitandani.

Jambo la kwanza kulisimamia ni maumivu. Mofini ya maji nguvu yake huisha baada ya saa nne hivi, na ndiyo maana hutolewa kwa saa na si kwa kusubiri mgonjwa alie. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, na mara nyingi mtaalamu huelekeza dozi ya usiku iwe mara mbili ili mgonjwa alale hadi alfajiri bila kuamshwa. Dozi hupimwa kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano: vuta dawa hadi kwenye mstari ulioonyeshwa, gongagonga bomba ili mapovu yapande juu, yatoe, kisha mimina polepole ndani ya shavu. Andika kwenye daftari saa, kiasi, na alivyokuwa mgonjwa. Maumivu yakizuka kabla ya saa ya dozi inayofuata, ipo dozi ya ziada ambayo mnapaswa kuwa mmeelekezwa, na ikihitajika mara kwa mara mpigieni muuguzi ili kiwango kipandishwe, wala msikipandishe wenyewe.

Usingizi mzito na kichefuchefu vya siku mbili tatu za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile inayoanza mofini. Mkiletewa mofini bila dawa hiyo, idaini.

Kuhusu woga wa mofini nina la kusimulia. Nilipomuuguza mama yangu, aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi, shangazi aliificha chupa nyuma ya mitungi ya maji kwa siku mbili, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba hiyo ndiyo dawa wanayopewa watu wamalizike. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akimlinda wifi yake. Usiku wa pili nilimkuta mama ameuma pindo la kanga ili asipige kelele wajukuu wakaamka. Mofini inayotolewa kwa kiwango kilichopangwa na mtaalamu haimuui mgonjwa, wala anayeitumia kwa maumivu ya saratani hageuki mteja wa dawa za kulevya. Nashauri kila anayelala katika nyumba hiyo aelezwe hivyo na muuguzi mwenyewe, siku ya kwanza, kwa sababu neno la muuguzi lina uzito kuliko la mtoto wa nyumbani.

Mwili nao una kazi zake za kila siku. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na njia nyepesi ni kutandika kanga au shuka iliyokunjwa chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili wakashika ncha zake na kumwinua pamoja badala ya kumburuta, kwani kuburutwa ndiko kunakochubua ngozi. Wekeni mto katikati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kidonda cha saratani chenye harufu kisafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kisha, kwa maelekezo ya muuguzi, kinyunyiziwe vidonge vya metronidazo vilivyosagwa, na harufu ambayo imewafukuza majirani hupungua ndani ya siku chache. Mdomo husahaulika kuliko sehemu zote: loweka kitambaa laini kwenye maji safi, futa ulimi, fizi na ndani ya mashavu, kisha paka midomo mafuta kidogo, na rudia kila inapoonekana imekauka.

Chakula ndicho kinacholeta ugomvi. Mwili unaozimika hauombi chakula, na kumlazimisha mgonjwa vijiko vya uji ili tusionekane tumemwacha na njaa humpalia, na pengine hupeleka uji huo mapafuni. Mpeni anachotaka, kwa kiasi anachotaka, hata kama ni kijiko kimoja cha madafu. Dripu nayo katika siku za mwisho mara nyingi huongeza uvimbe na makohozi bila kumpa nguvu.

Familia nyingi humficha mgonjwa ugonjwa wake, naye huwaficha kwamba anajua, hadi wanaagana bila kuagana. Haifai kumbwagia habari asiyoiomba. Muulizeni, "Mama, wewe unauonaje ugonjwa huu?" kisha nyamazeni, jibu lake litawaonyesha anataka kwenda hadi wapi. Akiwa bado na akili timamu ndiyo wakati wa kuandika wosia, ambao kwa Tanzania Bara unaweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na wakati wa kumwita padri kwa Mpako wa Wagonjwa, au shekhe, badala ya kungoja asiweze kuitikia. Ninafahamu hofu ya ndugu kwamba joho la padri litamtisha mgonjwa, lakini wagonjwa wengi hutulia baada ya hapo.

Wageni wapangiwe saa, na anayeingia akasema "umekwisha, jamani" atolewe nje kwa heshima. Watakuja pia wenye mizizi na maji ya maombi. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ndefu hadi Samunge, Loliondo, kwa mchungaji aliyegawa kikombe cha dawa ya mizizi, na yako majumba yaliyouza mbuzi wa mwisho kulipa nauli. Sala na dua zisizuiwe kamwe. Kinachokataliwa ni lile sharti la kuacha mofini, na safari ya barabara ya vumbi kwa mtu mwenye mifupa inayouma.

Anayeuguza, ambaye mara nyingi ni binti au mkwe, apewe zamu ya kulala inayojulikana. Pesa zinazotumwa na walio mbali ni msaada, lakini usiku wa saa 9 hazigeuzi mgonjwa. Aliye mbali anayetaka kusaidia kweli aje wiki moja, ashike daftari la dawa.

Siku za mwisho zina dalili zake. Mgonjwa hulala muda mwingi, mkojo hupungua na kuwa wa rangi iliyokolea, miguu na mikono hupoa na kupata mabaka, na pumzi husimama kwa muda kisha ikaanza tena. Mkoromo unaosikika ni wa mate asiyoyameza tena. Mlazeni ubavu, kichwa kikiwa kimeinuka kidogo, na mjue kwamba kwa kawaida hauumizi mgonjwa kama unavyowaumiza wanaousikia. Mofini isikatwe kwa sababu tu hawezi kumeza. Mpigieni muuguzi awaelekeze namna ya kuitoa kwa matone ndani ya shavu. Zungumzeni naye kama mtu anayesikia, mmoja mmoja. Kwa Mwislamu, aelekezwe kibla bila kumtaabisha, na anayemlakinia shahada aitamke kwa sauti ya chini karibu na sikio, anyamaze, bila kumshurutisha aitikie. Hakuna haja ya kumkimbiza hospitali saa hiyo ili akakate roho kwenye kiti cha teksi.

Akishafariki, mtaarifuni mwenyekiti au mtendaji wa mtaa au kijiji kwa ajili ya kibali cha mazishi, na kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, kwani mirathi na mafao hudai cheti. Mofini iliyobaki isimwagwe wala isiachwe kabatini. Irudishwe hospitali ikiwa na daftari lake. Mimi nilikwenda nayo baada ya arobaini. Muuguzi alisoma kurasa zote, akanionyesha zile siku mbili zisizo na maandishi, kisha akaniuliza ninalalaje siku hizi.