Buibui wa Australia: yupi umwache, yupi umchunge

Mtu akishahamia Australia, haichukui muda kabla hajatuma kwenye kundi la familia picha ya huntsman ukutani: bapa, wa kahawia, akinyoosha miguu anaweza kufika sentimita 15. Huyo mwache. Anakula mende, na hata akiuma ni maumivu ya muda tu. Waliolelewa na bibi asiyeruhusu buibui auawe, kwa heshima ya yule aliyemsitiri Mtume kwenye pango la Thaur, hawatapata shida hapa. Akikukosesha usingizi, mfunike kwa bakuli, penyeza karatasi ngumu chini yake, mtoe nje. Balaa lake ni garini, anapochomoza nyuma ya kibao cha kuzuia jua nawe uko barabara kuu. Punguza mwendo, egesha, ndipo upige kelele.

Wa kuchungwa ni redback, na haonekani kirahisi. Jike ni jeusi, tumbo kama punje ya njegere, mstari mwekundu mgongoni. Pindua kiti cha plastiki kilichokaa nje muda mrefu: yumo pembeni kwa chini, kwenye utando uliovurugika, nyuzi zake za kunata zimeshuka mpaka sakafuni. Basi kabla ya nyama choma pindua viti vyote, uvisugue kwa brashi. Glavu za bustani na viatu vya barazani vikung'ute kwanza. Akikuuma weka barafu, usifunge bandeji, inazidisha maumivu. Kisha nenda hospitali. Dawa ya kuzima sumu yake ipo tangu 1956.

Akiuma funnel-web wa Sydney, fanya kinyume chake: kaza bandeji ya kuvutika kwenye mkono au mguu mzima, majeruhi asitembee, piga 000, namba ya dharura. Madume huzurura kutafuta majike wakati wa joto na kutumbukia kwenye mabwawa ya kuogelea; unayedhani amekufa maji huenda yu hai. Walio Perth au Darwin, huyu hawahusu.

Ule uvumi kwamba buibui aitwaye white-tail akikuuma nyama ya mwili huoza, usiusambaze. Utafiti wa 2003 wa watu 130 walioumwa haukukuta hata kidonda kimoja cha hivyo. Kidonda kisichopona kinataka daktari.

Kwa ushauri wa sumu piga 13 11 26, saa 24. Mzazi aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na Kiingereza hakijakaa aanze na 131 450, namba ya wakalimani, aombe wa Kiswahili. Kwa dharura ni 000 moja kwa moja.